Gari Lisilotaka Kukaribishwa

Magogoni, Kisauni,
Mombasa.

Kwa Mkurugenzi,
Kimya Motas, Wauzaji wa Magari ya Umeme,
Changamwe.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: GARI JIPYA LENYE KASORO YA KUJIRUDIA, NA HAKI YANGU KISHERIA YA KUPEWA JINGINE LENYE ADABU

Pokea salamu za Magogoni, ambako kuna joto, kuna mbu, na kuna gari lako limeegeshwa kando ya banda la kuku likiwa halina chaji. Sisi wenyewe hatujambo. Mwenye jambo ni gari.

Mimi ni yule Tsofa Randu, karani wa ofisi ya kuondosha mizigo ya bandarini, barabara moja na duka lenu. Huenda unanikumbuka. Ndimi niliyekuwa nikija kila saa ya chakula cha mchana kulitazama gari kupitia kioo, hadi askari wenu wa mlangoni akaanza kuniwekea kiti. Siku hizi nalitazama kupitia dirisha la jikoni kwangu na kiti najiwekea mwenyewe. Zamani halikuwa langu na halikuwa likienda. Sasa ni langu.

Naandika kwa heshima zote. Mke wangu Mwikali amenisihi nipunguze ukali, na nimeupunguza. Ungeiona barua ya kwanza ungefunga duka. Pia naandika sheria ikiwa mkononi. Jirani yetu ana mwana aliyesomea uwakili akaachia njiani, na vitabu vyake vimo sebuleni kwao, vimewekewa vyungu vya maua juu yake. Nimeviazima. Nimevisoma hadi pale alipoachia yeye, na hata kufika hapo tu nakuona tayari una taabu.

Katiba yetu, kifungu cha arubaini na sita, yasema mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ana haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya bidhaa. Sheria ya uuzaji wa bidhaa nayo yaongeza kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kitu anakitakia kazi gani, basi kitu hicho sharti kiifae kazi hiyo. Tafadhali ishike hii ya pili na uiweke karibu, kwa sababu nitairudia mpaka uchoke.

Binti yenu Vivian, aliyenihudumia kwa upole usio na mfano, aliniuliza gari nalitakia kazi gani. Nadhani wateja wengine humjibu kwamba wanataka kuokoa mazingira. Mimi nilimjibu wazi, mbele ya Mwikali na yule askari wa kiti, kwamba nalitaka nimpeleke mama yangu hospitalini, ng'ambo ya daraja kule kisiwani. Vivian akaandika hivyo hivyo, tena akatabasamu.

Mama yangu, Bi. Kahaso, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Majuzi alilijulia hali gunia la makaa lililoegemea ukuta, akalingoja liitikie, lisipoitikia akalikaripia, kisha akaja ndani kutuambia kwamba vijana wa siku hizi hawana malezi. Tulicheka sana, halafu tukaacha kucheka. Daktari asema macho yale yapasulika na kwamba aweza kuona tena. Lakini tarehe ya kupasuliwa tumeikosa mara tatu. Ya nne ni wiki hii, na akiikosa hiyo atarudishwa mwisho wa foleni, na foleni ya macho, Ndugu Mkurugenzi, huujui mwisho wake hata ukiwa na macho. Hilo ndilo lililo hatarini hapa. Mengine yote utakayoyasoma ni mambo ya gari tu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Halina injini.

Siku lilipofika, ukoo mzima ulikuja kuliona. Mjomba wangu Kaingu, ambaye ni mgema na kwa hivyo huheshimiwa katika kila jambo, alifungua boneti akakuta sanduku la plastiki, tupu, safi kabisa. Akafunga. Akafungua tena, polepole, kana kwamba huenda injini ilikuwa imejificha kwa haya. Kikao kikaitishwa palepale uani. Wengine walisema nimepunjwa, wengine walisema injini iliibwa barabarani kati ya Changamwe na Kisauni, na mjomba akataka twende kituoni tukaandikishe. Mama alilipapasa lile sanduku, akauliza kama injini huuzwa kando.

Fundi wenu Justus alinieleza baadaye kwa simu kwamba ndivyo lilivyoundwa. Kwa hivyo lalamiko hili naliondoa. Naliacha hapa katika orodha kwa sababu aibu niliyoipata bado haijaondoka, na majirani wangali wananiuliza kama imepatikana.

2. Halibishi hodi.

Gari la mtu mwungwana hujulikana linakuja. Linakohoa, linanguruma, mtoto anatolewa njiani, kuku wanatawanyika, na mwenye nyumba anapata nafasi ya kuvaa shati. Gari lako latokea tu. Jioni moja nilirudi kazini na kusimama nyuma ya ua wa jirani, wala hapana aliyejua, na nikasikia mambo yangu. Yalikuwa mengi. Yalikuwa na mpangilio, yaonyesha si mara ya kwanza kusimuliwa. Nilisikia nilivyo bahili, nilisikia ninavyotembea, nikasikia kwamba suruali yangu ya buluu imenichoka. Mtu akiwa na gari la kawaida huishi miaka sabini bila kuyajua hayo. Hii ni hasara iliyotokana moja kwa moja na bidhaa, nami nadai fidia yake.

Na mama haamini kwamba linawaka. Nilipomketisha ndani mara ya kwanza, nikaliwasha, yeye akaketi ameshika mkoba, akaniambia niwashe. Nikamwambia limewaka. Akaniambia nisimchezee, niwashe. Tulibishana hivyo mpaka akashuka akarudi ndani kwa miguu yake, amenuna.

3. Lina mwanamke ndani, na hana adabu.

Ukifungua mlango, sauti ya mwanamke yakuambia kwa Kiingereza ufunge mkanda. Haitangulizi salamu. Mama alimwitikia, akamuuliza u hali gani, akamuuliza watu wa kwao hawajambo, na yule mwanamke akarudia kwamba afunge mkanda. Mama ni mtu mzima. Akamwambia ukitaka mtu mzima afunge kitu, kwanza mwamkie. Yule akarudia ya mkanda. Wamefanya hivyo kila siku tangu gari lije, na sasa mama huniuliza mbele ya Mwikali kama yule msichana wangu wa garini amekula.

Mwikali alicheka mara ya kwanza. Siku hizi hacheki, hunitazama tu.

4. Halitaki kukaribishwa.

Hapa ndipo penye barua yenyewe. Hayo ya juu yalikuwa ya kukupasha moto.

Kwetu sisi kitu kipya hakiingii kazini hivi hivi. Mama ni Mkristo, ameimba kwaya mpaka macho yakamnyang'anya kitabu cha nyimbo. Lakini koma, yaani wazee wetu waliotangulia, hawakuwahi kuhama nyumbani kwetu, naye mama hakuona sababu ya kuwafukuza. Cherehani ilipokuja ilimwagiwa mnazi, yaani tembo la kugemwa, wazee wakatajwa, ikashona. Pikapu kuukuu ya marehemu baba ilimwagiwa mnazi kwenye injini yenyewe. Ilipiga chafya, ikanguruma, ikaenda Lunga Lunga na kurudi na magunia. Mimi mwenyewe nilimwagiwa mnazi nilipoajiriwa, na niko kazini mpaka leo ingawa nilinuka wiki nzima.

Basi mama akauliza gari hili hula wapi. Nikamwongoza mkono. Mbele kabisa, katikati ya taa mbili, kuna kifuniko, na chini ya kifuniko ipo soketi ya kuchajia. Akaipapasa kwa kidole, akasema huo ndio mdomo. Nilitafuta hoja ya kumpinga nikakosa, na hata wewe ukitafuta utakosa. Mjomba Kaingu alikuwa amekwisha kuleta jerikeni, tena ndani ya lile sanduku la boneti, ambalo alilisifu sana kwa kazi hiyo. Mama akainua kata, akawaita wazee kwa majina, mmoja mmoja, kwa upande wa baba na upande wa mama, akamimina.

Wote tulifurahi isipokuwa gari. Skrini ikawa nyekundu, ikaandika kwamba kuna unyevu, na gari likakataa kuchaji. Asubuhi yake sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka kwenye mdomo hadi kwenye banda la kuku, wakienda na kurudi, wana furaha. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa tarehe ya hospitali. Hatukwenda.

Justus alikuja, akalichukua, akalikausha, akalirudisha zima. Namshukuru. Lakini elewa jambo moja: gari lililolala kwa watu na kushikwa na mikono ya wageni, likirudi ni geni tena. Lazima likaribishwe upya. Likakaribishwa. Likagoma. Likachukuliwa, likakaushwa, likarudi. Likakaribishwa. Likagoma. Kila mara ni ugonjwa uleule, mahali palepale, na kila mara ni mkesha wa hospitali. Nimesoma kwamba huko Marekani gari linalorudi kwa fundi mara kwa mara kwa ugonjwa mmoja huitwa limau, na aliyeliuza hulazimishwa kulichukua. Sisi limau tunakamulia samaki, na sheria ya jina hilo hatuna, lakini gari tunalo.

Utaniuliza kwa nini tusiache kumimina. Mama hapandi gari ambalo halijakaribishwa. Gari likikaribishwa halichaji. Likikauka, mama hapandi. Akikubali kupanda, limelowa. Tumekaa uani na jambo hili, mimi na mama na Mwikali, na tumelizunguka kila upande, na kila upande tunakuta ninyi ndio mliokosea.

Usidhani hatukujaribu. Nilipendekeza mnazi umwagwe kwenye gurudumu, mama akaniuliza kama yeye alininyonyesha kwa kisigino. Nilifunika soketi kwa karatasi ya nailoni, nikarudishia kifuniko taratibu. Mama akapapasa, akaiona kwa kidole, akasema ningalimfunga baba yangu mdomo namna hiyo angalinijibu nini. Nilitia maji ndani ya kata gizagiza, akanusa. Kina mama wa maombi wa Mwikali walikuja na mafuta ya upako wakalipaka paa, na gari likayakubali mafuta bila neno. Mama alifurahi, akawakaribisha chai, akawaambia kwamba ni vizuri sana lakini paa si mdomo.

5. Rejea nambari 4.

6. Limegeuka kibanda.

Ile mara ya pili kulikuwa na chaji kidogo iliyosalia, nikasema twende nayo hivyo hivyo tu, tutajua mbele. Mbele ikawa Kongowea, kando ya soko. Likazima taratibu, kwa kimya, yule msichana akituambia tufunge mkanda. Nikapiga simu ya gari la kukokota. Kabla halijafika, muuza nyanya mmoja aliweka kiganja kwenye boneti, akagundua kwamba boneti hii haina joto, akapanga mafungu yake juu. Mwenzake akapanga vitunguu. Nilipotoka kununua maji nikarudi, palikuwa na wateja, na mama alikuwa ameteremsha kioo akiwachagulia nyanya kwa kuziminya, na wanamsifu. Gari la kukokota lilipofika, watu walimkaripia dereva kwa kuharibu biashara.

Naomba ikubalike kwamba hiyo siyo kazi niliyomtajia Vivian.

7. Barua yenu ya kunikatalia.

Mmeniandikia kwamba dhamana ya gari haihusu uharibifu uliosababishwa na mteja kwa kumwaga kinywaji. Nimeisoma sentensi hiyo nimesimama, nimeisoma nimeketi, na haisimami wala haiketi. Nitakueleza.

Mosi, neno kinywaji. Kinywaji ni kile mtu anachokunywa, na fungu lile hatukulinywa, ingawa mjomba Kaingu alisikitika kuliona likienda. Ilikuwa sadaka. Tafuteni katika masharti yenu mahali mlipoandika sadaka. Hamkuandika.

Pili, neno mteja. Mteja ni mimi, na sahihi ni yangu. Mimi sikumwaga kitu. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko.

Tatu, aliyemimina ni mama, naye hakumimina kwa niaba yake mwenyewe. Alimimina kwa niaba ya koma. Koma hawakuja Changamwe, hawakuonyeshwa masharti, hawakutia sahihi popote. Sasa nionyeshe wewe ni sheria gani inayomfunga mtu kwa mkataba ambao hakuuona, eti kwa sababu tu amekufa.

Nne, na hapa nakuomba uketi, koma wenyewe ni watumiaji wa bidhaa. Katiba yasema watumiaji wana haki. Haikusema watumiaji walio hai. Nimetafuta neno hilo katika vitabu vyote, mpaka pale kijana wa jirani alipoachia, sikuliona. Wazee hawa waliletewa gari, wakakaribishwa kulikaribisha, nalo likawakatalia mbele ya wajukuu wao, mara tatu. Kuna babu yangu mmoja aliyekuwa mkali tangu akiwa hai. Sitaki kukutisha, nakuarifu tu kwamba orodha ya walalamikaji ni ndefu, na wengi wao hawana haraka.

Tano, ile sheria niliyokuambia uiweke karibu, sasa ichukue. Nilimwambia Vivian nalitaka gari la kumpeleka mama. Mama huja na koma wake. Koma huja na mnazi wao. Kwa hivyo mliponiuzia gari la kumpeleka mama mliniuzia gari la kumiminiwa mnazi, na mlijua, na Vivian alitabasamu. Gari linaloshindwa na kata moja ya mnazi halifai kuuzwa Pwani. Mngeliuza mahali pasipo minazi, na mahali pasipo mama.

Baada ya kuyaeleza hayo kwa upole, nadai kama ifuatavyo, na naomba majibu kwa maandishi.

Nipewe gari jingine, jipya, lisilogoma. Kama hilo haliwezekani, basi hili liwekewe mdomo wa pili, upande wa kushoto wa taa, wenye kifuniko kama cha kwanza, usio na waya wala umeme, wenye kitundu chini cha kutolea mnazi. Huo utakuwa mdomo wa heshima. Mama ataupapasa, atamimina, wazee watapata chao, na umeme utapita kwake bila kubughudhiwa. Mhandisi yeyote aliyesoma aweza kuufanya asubuhi moja. Nashangaa kwamba kiwanda kizima, chenye watu wenye digrii, hakikuwahi kuuliza gari litakaribishwaje likifika kwa watu.

Yule msichana wa ndani afundishwe kusema shikamoo kabla ya mambo ya mkanda. Akiitwa na mama, aitike abee.

Kampuni ilete ujumbe nyumbani kwetu kuomba radhi. Uje wewe mwenyewe, uje na Justus kwa kuwa amekwisha zoeleka, na mje na leso mbili za mama na mnazi wa kutosha. Mjomba Kaingu amejitolea kukuonyesha unakouzwa, yaani kwake. Mtakaa mkekani. Utawaomba radhi koma kwa majina, na majina nitakuandikia ili usibabaike. Ukimaliza, utaendesha gari wewe mwenyewe, umpeleke mama hospitalini, umngoje, umrudishe. Akiulizwa na manesi amekuja na nani, atasema amekuja na Mkurugenzi, na mimi nitakuwa nyuma nimeshika mkoba.

Kwa yale niliyoyasikia nyuma ya ua, nitatosheka na suruali mpya.

Usipotimiza, nitakwenda mahakamani, na sitakwenda peke yangu. Nitakuja na mama, na mama atakuja na watu wake wote, walio hai na wengineo. Waambieni mahakama watafute viti.

Nakutakia kazi njema na biashara yenye baraka. Nisalimie Vivian, mwambie sina kinyongo naye, fomu aliijaza vizuri. Nisalimie Justus; sisimizi wanamuulizia. Askari wa mlangoni mpe mkono wangu, mwambie kile kiti akiweke pale pale. Mwikali akusalimu, ingawa aliniambia nisiandike kwamba amesalimu. Mjomba Kaingu asema karibu. Nisalimie na watu wako wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mama yako mzazi kama Mungu angali amekuwekea.

Ni mimi, mteja wako mwaminifu aliyeketi karibu na banda la kuku,

Tsofa Randu.

Nakala: Ofisi inayoshughulikia haki za watumiaji bidhaa. Koma wa upande wa baba. Koma wa upande wa mama.

N.B. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi nilipoona kwamba barua yataka shahidi, na shahidi mkuu ni mama. Kwa hivyo jana jioni nilimsomea yote, tangu salamu, ili akiridhika atie kidole gumba. Alicheka kwenye injini, akacheka kwenye suruali, akacheka kwenye nyanya mpaka akajifuta macho. Nilipofika kwenye mdomo wa heshima aliacha kucheka. Akaniuliza kama kitu hicho kweli chaweza kufanywa. Nikamwambia chaweza, na mapema. Akarudisha mkono wake nyuma ya mgongo.

Kisha akaniambia niifute barua. Akasema koma hawakuomba gari na hawajawahi kuuliza habari zake. Alisema kila Jumatano hupanda tuktuk ya Ronny, kijana wa hapa mtaani, kwenda kwa rafiki zake Ziwa la Ng'ombe, na tuktuk ile hajaimwagia hata maji. Ile mara ya kwanza alimimina kwa moyo mweupe. Gari lilipogoma na hospitali ikaahirishwa, alilala usingizi mzuri ambao hakuwa ameulala tangu daktari aliponena. Mara zilizofuata alikuwa anaujua ule mdomo barabara, na aliujaza kusudi.

Si kisu anachoogopa; huyu ametuzaa sisi saba, tena nyumbani. Aliniambia kwamba leo yeye ni mtu anayengoja kupasuliwa, na watu wakimuuliza ana la kusema. Akipasuliwa na asione, atakuwa kipofu basi, na atakuwa amebakiwa na nini cha kungojea. Niliiweka barua chini. Nilishika mkono wake tukakaa.

Gari lenu ni zima, Ndugu Mkurugenzi. Lilikuwa zima siku zote. Mwambieni Justus anisamehe, na madai yangu yote nayaondoa, hata la suruali. Na nikueleze na hili, kwa kuwa sheria yapenda ukweli: Ronny hungojea abiria mbele ya lango letu, kutoka asubuhi mpaka usiku. Miezi yote hii ya kusoma Katiba, mimi sikumtaja hata mara moja, na Mwikali hakumtaja. Sidhani mama alikuwa anaogopa peke yake.

Tarehe ni leo. Soketi imekauka lakini chaji haijafika popote, basi twaenda na Ronny. Mama amekwisha panda, ameshika mkoba wake, anatuuliza tunangoja nini.

Barua hii amenikataza kuituma. Amesema niiache hapa mezani, akirudi aone mwenyewe ilivyo ndefu, kisha ataamua yeye kama itumwe. Kwa hivyo ikiwa imekufikia, usinijibu neno lolote juu ya gari. Ujue tu kwamba ameiona.